Kukuza biashara ndogo na kuivusha mambo yanapobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifungua duka la vifungashio Morogoro mwaka 2014, fremu moja, kwa mtaji niliouchanga kwenye kikoba. Mzigo nilichukua Kariakoo, nikauza kwa wenye maduka ya rejareja, mama lishe, wauza matunda na wenye bucha. Mwaka 2019 duka lilikaribia kufa. Halikufa, na tangu hapo watu huja kuniuliza. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakouzia. Ninapogusa Kenya nitasema.

Nauza vizuri kila siku lakini sioni faida. Hela inakwenda wapi?

Mara nyingi inakwenda nyumbani, tena kwa mkono wa mwenye duka mwenyewe. Tuseme duka linauza shilingi 180,000 kwa siku na faida ni asilimia 12 ya mauzo. Hiyo ni 21,600. Fremu ya 150,000 kwa mwezi inakula 5,000 kwa siku. Kijana wa duka analipwa 120,000 kwa mwezi, sawa na 4,000 kwa siku. Umeme, ulinzi na uzoaji taka tuweke 1,600. Kinachobaki ni 11,000. Jioni mwenye duka anachukua 15,000 kwenye droo: mboga, nauli za watoto, vocha. Haoni kosa, maana droo ina laki na themanini. Lakini kila siku amekula 4,000 ya mtaji, na mwaka ukiisha ni karibu milioni moja na nusu. Rafu zinapwaya polepole, wateja wanaanza kukosa vitu, mauzo yanashuka, naye anasema biashara imekuwa ngumu.

Jilipe mshahara. Panga kiasi, kichukue siku moja kwa wiki, kiandike kama unavyoandika mshahara wa kijana. Ukiishiwa Alhamisi, vumilia kama mwajiriwa anavyovumilia tarehe 20. Mimi ilinichukua miaka mitatu kukubali jambo hili, kwa sababu niliona ile fedha ni yangu. Ni yangu kweli, ila ina kazi yake dukani.

Ni lazima niandike? Duka langu ni dogo, nalijua lote kichwani.

Lazima. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kaunta buku moja inatosha: ulichouza, ulichonunua na kwa bei gani, ulicholipa, unachodai, unachodaiwa. Mara moja kwa wiki hesabu mzigo wa bidhaa tano zinazotembea zaidi na ulinganishe na daftari. Hapo ndipo utajua kinachovuja na kilichododa.

Kuna faida ya kodi pia. Kwa Tanzania, katika madaraja ya chini ya kodi ya makadirio, mwenye kumbukumbu hukadiriwa kwa mauzo yake halisi. Asiye nazo hupangiwa kiwango cha daraja lake, hata kama mwaka ule aliuza kidogo.

Kila jioni piga picha ukurasa wa siku hiyo, umtumie mtu mmoja unayemwamini. Sababu yake utaiona kwenye swali la bima.

Nitajuaje kwamba mabadiliko yanakuja?

Swali hili lina uchungu wake kwangu. Aprili 9, 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba mwisho wa kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni Mei 31. Kuanzia Juni 1, marufuku. Siku 52. Zaidi ya nusu ya mauzo yangu ilikuwa rambo, yaani mifuko hiyohiyo, na wiki mbili kabla ya tangazo nilikuwa nimechukua mzigo mkubwa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, nikilenga Ramadhani iliyokuwa inaanza Mei. Nilidaiwa shilingi milioni 2.3 kwa bidhaa ambazo baada ya siku 52 ningekuwa mkosaji kuziweka rafuni.

Kwa miezi kadhaa nilisimulia kwamba tulishtukizwa. Sasa sisemi hivyo. Zanzibar ilishapiga marufuku mifuko hiyo tangu 2006. Rwanda tangu 2008. Kenya ilitangaza Februari 2017 na kuanza Agosti 28 mwaka huohuo, kwa adhabu iliyofika faini ya shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha miaka minne. Na hapa kwetu, Machi 1, 2017, viroba vya pombe viliondolewa sokoni, kwa hiyo tulishajua serikali inaweza kufuta bidhaa nzima kwa tarehe. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wenzangu walinyolewa mimi nikitazama, na maji sikutia.

Mfanyabiashara mwenzangu, duka la nne kutoka kwangu, alianza kuleta mifuko ya kaki mwaka 2018. Ilikuwa inadoda, watu walilalamika ni ghali, tena ikiloana inachanika. Hakuileta kwa wingi. Labda sehemu moja ya kumi ya rafu zake. Lakini Juni ilipofika, alishamjua anayeiuza kwa bei nzuri, alishajua saizi ipi inakwenda kwa wauza mikate na ipi kwa maduka ya dawa. Sisi wengine tulikuwa tunauliza namba za simu. Alikua mara mbili ndani ya mwaka ule, wakati mimi nahangaika kulipa deni.

Tangu hapo nafanya kama yeye. Moja ya kumi ya mtaji wangu iko kwenye kitu ambacho sina hakika nacho. Kikidoda, nimepoteza kidogo. Kikitembea, nimepata bidhaa ya mwakani. Watu hunitenganishia maswali mawili, la kukuza biashara na la kuilinda, lakini kwa uzoefu wangu ile rafu ndogo ya majaribio inafanya kazi zote mbili.

Siwezi kutabiri kila kitu. Nianze wapi?

Anza kwa kujiuliza biashara yako imetundikwa kwenye nini. Kila duka lina msumari wake. La mwingine ni msambazaji mmoja. La mwingine ni shule moja inayochukua nusu ya mzigo, au kituo cha daladala mbele ya mlango, au bei ya dola, au kijana mmoja anayejua wateja wote. Andika msumari wako kwenye karatasi. Kisha jiulize: ukichomolewa kesho, nitalipa fremu, mshahara na chakula cha nyumbani kwa siku ngapi bila kuuza mtaji?

Nilipofanya hesabu hiyo Mei 2019 nilipata siku 19. Leo ni siku 90, na kufika hapo kulinichukua miaka minne. Sina mbinu ya ajabu. Kila Ijumaa sehemu ya faida inakwenda kwenye akaunti ambayo kadi yake haikai kwangu. Siigusi kwa harusi wala kwa mzigo wa bei nzuri. Mzigo wa bei nzuri ndio umenishawishi zaidi kuliko harusi.

Biashara yangu ipo mahali penye watu wengi. Sehemu nzuri si kinga tosha?

Watu husimama mahali kwa sababu fulani, na sababu hiyo si mali yako.

Kwa miaka mingi, kati ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, na foleni ile ililisha familia nyingi: samaki, matunda, chai, mayai ya kuchemsha. Juni 19, 2025 daraja la kilomita tatu likafunguliwa. Gari lililokuwa likisubiri hadi saa mbili sasa linapita kwa dakika chache bila kusimama. Daraja ni jambo jema, na mimi mwenyewe nimefurahi. Ila tazama kalenda: nguzo zilikuwa zinapanda machoni pa kila mtu kwa takriban miaka mitano. Muuzaji aliyekuwa anahesabu nguzo alikuwa na muda wa kutafuta kituo kingine, au wa kuwageuza madereva kuwa wateja wanaompigia simu kabla hawajafika.

Kenya nako, reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 31, 2017. Mizigo ilipoelekezwa kwenye reli kwa agizo la serikali, miji ya barabarani kama Mariakani, Voi na Mtito Andei ikapungukiwa na malori, na kwa hiyo na walaji, walalaji na wa kutengenezewa magari. Septemba 2022 serikali mpya ikabadilisha agizo lile. Aliyekuwa ameuza kila kitu na kuondoka hakufaidi marudio hayo. Ndiyo maana sishauri kukimbia mara moja. Punguza mzigo, punguza fremu ikiwezekana, weka mguu mmoja pengine, subiri uone.

Bei za jumla zinapanda. Nikipandisha nitapoteza wateja, nisipopandisha nakula hasara. Nifanyeje?

Uza kwa bei ya mzigo utakaonunua kesho. Ule wa jana umeshalipwa. Umenunua katoni kwa 100,000, umeuza kwa 110,000, ukirudi kwa jumla unaikuta 115,000. Daftari linasema umepata 10,000, lakini huwezi tena kununua katoni ileile bila kuongeza 5,000 kutoka mfukoni. Ukiendelea hivyo miezi sita, unafanya kazi ya kuwapunguzia wengine bei kwa mtaji wako.

Pandisha mapema na kidogokidogo, na umwambie mteja wa kudumu kabla hajafika kaunta. Nina wauza chakula ambao huwapigia simu: mama, wiki ijayo vifuniko vinaongezeka mia mbili, ukitaka chukua leo kwa bei ya zamani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunihama kwa simu ya namna hiyo. Wanaohama ni wanaokuta bei mpya ghafla.

Kwa anayeuza vitu vya kuagizwa nje, angalia dola. Hapa kwetu ilikaa karibu na shilingi 2,300 kwa miaka, watu wakaizoea kama jiwe, kisha 2023 ikaanza kuadimika na 2024 ikagusa 2,700. Kenya ilikuwa na somo la upande wa pili: Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, halafu ndani ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130. Aliyejaza stoo kwa 160 kwa kuogopa 200 alikuta jirani anauza chini yake. Kwa hiyo usijaze stoo kwa hofu. Nunua unachoweza kukiuza ndani ya mwezi mmoja, hata kama mwenye jumla anakuapia kwamba wiki ijayo itapanda.

Na kama nauli ya mzigo ni sehemu kubwa ya gharama yako, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mimi hupanga safari za Kariakoo na kupitia upya bei zangu wiki hiyo.

Nikope ili nikue?

Kabla ya riba, tazama mwendo wa mzigo na mwendo wa rejesho. Ukikopa 500,000 na rejesho linaanza wiki ya kwanza, wakati bidhaa uliyonunua huisha kwa siku 45, basi rejesho la kwanza, la pili na la tatu halitoki kwenye faida ya mkopo. Linatoka kwenye mtaji uliokuwa nao kabla. Nimeona maduka yaliyokopa yakiwa mazima na kumaliza deni yakiwa matupu, na mkopeshaji hakudanganya popote. Kopa kwa bidhaa inayozunguka haraka kuliko rejesho, au kwa kifaa kinachoingiza hela tangu siku ya kwanza, kama friji ya muuza juisi.

Mikopo ya kausha damu, usiiguse. Ukipewa 500,000 ukarejesha 650,000 baada ya mwezi, hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na hakuna genge wala duka ninalolijua lenye faida ya kuilipa. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Anayekopesha kama biashara anatakiwa kuwa na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukiona programu inataka ruhusa ya majina yote ya simu yako kabla ya kukupa shilingi elfu hamsini, ujue dhamana yake ni aibu yako mbele ya wakwe na mabosi.

Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulize halmashauri kuhusu fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne, nne na mbili. Halina riba. Lilisimamishwa Aprili 2023, likarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kuna vikundi vinavyokosa kwa sababu tu havijawahi kukanyaga ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata.

Wateja wanakopa, nikikataa wananinunia. Kiwango salama ni kipi?

Kwangu, madeni yote ya wateja yakijumlishwa hayavuki mauzo ya siku tano. Yakifika hapo, nafunga, hata kwa shemeji. Maneno ninayotumia ni haya: "Dada, daftari limejaa, akilipa mmoja wewe ndiye wa kwanza." Ni kweli, na kwa kuwa ni kweli, hayamdhalilishi. Usiseme "biashara mbaya". Anaona mwenyewe unauza.

Nifungue tawi la pili lini?

Siku utakapoweza kuugua wiki mbili na tawi la kwanza lisiyumbe.

Mimi nilifungua mapema. Mwaka 2017 nilipata fremu Msamvu, karibu na stendi, nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kilemba juu yake. Nilidhani nakuza biashara, kumbe nilikuwa nimegawanya mtaji uleule sehemu mbili. Duka la kwanza likaanza kukosa saizi fulani za mifuko, la pili likakosa wateja wa kudumu kwa sababu waliokuwa wananijua wananijua mimi, hawajui jina la duka. Nikawa napanda bodaboda mara nne kwa siku kupeleka chenji na kuchukua bidhaa. Miezi 11, nikafunga. Kijana niliyemweka pale alikuwa mwaminifu kabisa. Naandika hivi kwa sababu watu hudhani matawi hufa kwa wizi tu. Lilikufa kwa sababu hakuna kitu nilichokuwa nimekiandika. Bei za chini za wateja wakubwa zilikuwa kichwani mwangu. Nani akopeshwe, nani asikopeshwe, kichwani. Msambazaji yupi anapunguza akipigiwa simu Jumatatu, kichwani.

Kabla ya kuongeza kuta, ongeza kina. Wateja wale wale walionunua kwangu mifuko walikuwa wananunua pengine vifungashio vya chakula, karatasi za kufungia nyama, sabuni za maji, mifagio. Nilipoanza kuviweka, mauzo yalipanda bila fremu mpya na bila mshahara mpya. Uza vitu vitatu kwa mtu anayekuamini kabla hujaenda mtaa mwingine kutafuta wageni.

Ukifika wakati wa tawi, mpe msimamizi sehemu ya faida, hata asilimia chache, na muonyeshe hesabu. Ndugu naye aingie kwa masharti hayohayo: mshahara unaojulikana, siku ya kuhesabu mzigo inayojulikana. Kumpa ndugu duka bila daftari ni kumtega.

Nina kibanda cha wakala wa fedha. Kuna hatari gani?

Unauza huduma ambayo bei yake na kamisheni yake vinapangwa na wengine. Julai 15, 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, wateja wengi walirudi kwenye fedha taslimu. Septemba zilipunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata zikapunguzwa tena, lakini wakala wa kamisheni tupu aliishi miezi hiyo kwa shida. Aliyekuwa na mkate, maji na sabuni pembeni alivuka. Watu wanakuja kwako kila siku wakiwa na hela mkononi. Weka kitu cha kuwauzia.

Ninauza kwa WhatsApp na Instagram tu. Nahitaji fremu?

Si lazima. Fremu ni gharama kubwa na wengi wanaifungua kwa ajili ya heshima. Ila namba za wateja wako ziwe kwenye daftari la karatasi, majina na wanachopenda kununua. Akaunti hudukuliwa, simu huibwa, na intaneti ilipozimwa Tanzania Oktoba 29, 2025, wauzaji wa mtandaoni walikaa siku kadhaa bila oda. Aliyekuwa na namba aliweza angalau kupiga simu ya kawaida mambo yalipotulia. Chukua pia lipa namba ya biashara badala ya kupokea kwenye laini yako binafsi, ili hela ya duka isichanganyike na ya michango.

Bima ni ya makampuni makubwa, sivyo?

Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Soko la Karume likaungua Januari 16, 2022. Gikomba ya Nairobi imeungua mara nyingi kiasi kwamba wafanyabiashara wake hawazihesabu tena. Katika masoko, jirani yako ndiye hatari yako: waya wake mbovu, jiko lake.

Bima ya moto na wizi kwa duka dogo ipo. Nenda kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka ya bima, na kabla ya kusaini uliza maneno haya: mafuriko yamo? Wizi bila kuvunja mlango umo? Mzigo ukiwa njiani umo? Na uliza watakudai ushahidi gani. Watataka kujua ulikuwa na mzigo wa kiasi gani siku ile, na daftari lako litakuwa majivu pamoja na mzigo. Picha za kila jioni nilizosema ndizo zitakazosema badala yako. Kwa asiyeweza bima kabisa, angalau stoo isiwe palepale penye duka.

Nikisajili biashara si ndiyo nitaanza kubanwa na kodi?

Utalipa, ndiyo. Na utafungua milango ambayo sasa hata huioni. Shule, hospitali na hoteli hazinunui kwa asiye na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kwa sababu mhasibu wao naye ana wa kumuuliza. Jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA; TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa TRA, mamlaka ya mapato; leseni halmashauri. Mauzo yakikua ndipo VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo tangu 2023 kizingiti chake kimepanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kenya imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 1, 2024 kampuni haiwezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya kodi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya huko, na wauzaji wadogo wasio nayo waliachwa na wateja wao wakubwa. Oda yangu ya kwanza ya shule ilizidi mauzo ya wiki mbili za rejareja. Niliipata kwa sababu mshindani wangu, aliyekuwa na bei nafuu kuliko mimi, hakuwa na risiti.

Nimefungua, wenzangu watatu wameiga mtaani. Nishushe bei?

Hapana. Fungua mapema kuliko wao, uwe na chenji, usikose bidhaa kuu hata siku moja. Mteja anayehama kwa shilingi hamsini atarudi siku atakapomkuta mwenzako hana mzigo.

Nimeshaanguka. Nadaiwa, fremu imefungwa. Nifanye nini kwanza?

Nenda kwa wanaokudai, kwa miguu yako, kabla hawajakutafuta. Juni 2019, siku ya tatu baada ya marufuku, nilipanda basi hadi Kariakoo kwa yule mzee aliyenipa mzigo wa rambo. Nilibeba daftari. Nilimwonyesha nilichouza, nilichosalimisha, nilichobakiwa nacho, na nikasema naweza kulipa 50,000 kwa wiki. Hakufurahi. Alisema wengine watatu wenye deni kubwa kuliko langu wamezima simu. Akachukua kalamu akaandika makubaliano nyuma ya risiti.

Kisha nikauza nilichokuwa nacho kisichokatazwa: vifuniko, vikombe vya karatasi, kamba. Nikarudisha nusu ya fremu kwa mwenye nyumba, akampangisha fundi cherehani upande ule mwingine. Wiki za kwanza mauzo hayakufika hata theluthi ya zamani, na wiki mbili nililipa pungufu, nikapiga simu mapema kusema. Yote yalichukua wiki 48. Nilipopeleka rejesho la mwisho mzee alinionyesha mifuko mbadala, katoni sita, akaniuliza nalipa lini. Nikamwambia nitachukua mbili.